Cheni ya boda: namna ya kuiosha, kuitia oili na kuikaza bila kuiharibu

Pita kwenye steji yoyote, iwe Busia, Koboko au Kisenyi pale Kampala, utazame cheni za pikipiki zilizoegeshwa. Nyingi zina hali moja kati ya mbili. Kuna zilizokauka zikawa nyekundu kwa kutu na vumbi la maramu, na kuna zilizopakwa grisi na oili chafu mpaka pingili hazionekani. Wenye hizi za pili huamini wanazitunza. Lakini zote zinaisha upesi, na zinaishia mahali pamoja: ndani, kwenye pini.

Cheni ya pikipiki ina pingili zaidi ya mia moja. Kwenye kila kiungo kuna pini ya chuma, juu yake bushi, na juu ya bushi kuna rola, ile sehemu ya mviringo inayokaa kwenye meno ya sproketi, lile gurudumu la meno linaloshika cheni. Kazi nzito hufanyika kati ya pini na bushi, kwa sababu cheni inapopinda kuzunguka sproketi, pini hujizungusha ndani ya bushi huku imebeba mvuto wote wa injini. Mtu husema cheni "imevutika". Mabamba, vile vyuma bapa vya ubavuni, hayavutiki kirahisi hivyo. Kinachotokea ni kwamba pini zimelika na bushi zimepanuka, kila kiungo kimeongezeka kidogo sana, na ukijumlisha viungo vyote cheni nzima inalegea. Siku fundi akikata cheni iliyokwisha, omba pini moja uishike. Pitisha ukucha juu yake. Ukitoka mwisho kuelekea katikati, utahisi kingo: pale bamba lilipoishika ni nzima, na pale bushi ilipokuwa ikizunguka imechimbika upande mmoja.

Kwa hiyo oili inatakiwa ndani ya kiungo, wala si juu ya cheni. Kidogo, safi, mahali pake, mara kwa mara. Yote yaliyobaki katika mwongozo huu yanatokana na hilo.

Vitu vya kuwa navyo

Mafuta ya taa nusu lita yanatosha. Tafuta mswaki wa zamani au brashi ngumu ya plastiki, matambara mawili au matatu ya pamba, na karai au dumu lililokatwa ubavu la kukinga uchafu. Oili iwe ya gia, SAE 90, ile inayouzwa kwenye maduka ya spea. Chupa moja itakutumikia muda mrefu. Kwa kuitia, sirinji ya duka la dawa bila sindano inafaa sana, au chupa ndogo uliyotoboa kifuniko chake kwa msumari. Ongeza rula na spana za nati za gurudumu la nyuma. Basi.

Petroli usitumie. Najua ndiyo iliyo karibu, iko kwenye tangi, na inakata grisi upesi. Lakini mvuke wake huwaka kutoka mbali, na kwetu kazi hizi hufanyika uani, hatua chache kutoka kwenye sigiri. Inakausha ngozi pia. Na kama cheni yako ina ringi za mpira, petroli itaziharibu.

Ringi hizo utazitambuaje? Tazama kati ya bamba la nje na bamba la ndani. Ukiona duara jeusi la mpira limebanwa pale, hiyo ni cheni yenye ringi. Mafuta yake yalifungiwa ndani kiwandani na mpira unayazuia yasitoke. Cheni hiyo ioshwe kwa mafuta ya taa na mswaki laini tu, bila brashi ya waya. Boda nyingi za hapa, Bajaj Boxer, TVS na wenzao, hutembelea cheni ya kawaida isiyo na ringi, na ndiyo ninayoizungumzia hapa zaidi.

Kuosha

Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa mahali tambarare, gurudumu la nyuma liinuke. Zima injini, toa ufunguo uutie mfukoni, weka nyutro.

Hapa lazima niseme kwa mkazo. Kuna watu huwasha injini, hutia gia ya kwanza, kisha hushikilia tambara kwenye cheni inayozunguka ili ijisafishe yenyewe. Tambara likinaswa, linaenda na kidole mpaka kwenye meno ya sproketi, na injini haitasimama kwa ajili ya kidole. Usifanye hivyo, na ukimwona kijana wa steji anafanya, mzuie. Gurudumu lizungushwe kwa mkono tu, na hata kwa mkono, vidole vikae mbali na pale cheni inapoingia kwenye sproketi.

Anza na tope. Likwangue likiwa kavu, kwa kijiti au bisibisi butu, hasa nyuma ya kile kifuniko cha sproketi ya mbele. Wengi hawajawahi kukifungua. Ni bolti mbili au tatu, ingawa kwenye modeli nyingine unatoa kwanza pedali ya gia. Ndani yake utakuta donge jeusi la grisi, mchanga na nyuzi za mifuko, limeshindiliwa pande zote za sproketi. Donge hilo hurudisha uchafu kwenye cheni kila inapopita, hata kama umeiosha leo asubuhi. Litoe lote.

Kisha weka karai chini, chovya mswaki kwenye mafuta ya taa, usugue kipande cha cheni cha chini, kilichonyooka. Sugua upande wa ndani, upande wa nje, juu na chini. Mswaki uingie kati ya mabamba, zungusha gurudumu, endelea na kipande kinachofuata. Weka alama ya chaki kwenye bamba moja ujue ulipoanzia. Mzunguko wa kwanza mafuta yatadondoka meusi. Rudia mpaka yadondoke yakiwa na rangi yake. Ukisha, futa kwa tambara kavu kisha iache ikauke vizuri, nusu saa ya jua inatosha. Ukitia oili huku mafuta ya taa yamo ndani, oili itakuwa nyepesi na itamwagika yote safari ya kwanza.

Kwa mashine ya maji ya pale wanapooshea magari, mwambie kijana asielekeze mdomo wa mashine moja kwa moja kwenye cheni wala katikati ya gurudumu. Maji ya nguvu huingiza mchanga kwenye viungo na kwenye beringi, na grisi ya beringi ikishaoshwa hairudi.

Mafuta machafu ya karai yasimwagwe kwenye mtaro. Mitaro mingi ya katikati ya Kampala humalizikia kwenye mfereji wa Nakivubo na hatimaye ziwa Victoria, na vijijini kuna bwawa au kisima ambacho mtu anateka maji. Yaache yatulie, chota mafuta ya juu uyatumie tena kuoshea, na tope la chini lizike mbali na maji.

Kukagua, maadamu ni safi

Cheni safi hujieleza. Pindapinda viungo kwa vidole, kimoja kimoja: kikikataa kukunjuka, hicho kimeshika kutu ndani. Kitie oili, kipinde mara nyingi. Kikiendelea kukakamaa baada ya siku mbili tatu, cheni inahesabu siku zake. Tafuta pia rola iliyopasuka na bamba lenye ufa. Ukikuta hata moja, usipakie abiria mpaka umebadilisha.

Angalia klipu ya loki ya cheni. Hiki ni kile kibanio kidogo cha bati kinachofunga kiungo cha kuunganishia. Upande wake uliozibwa lazima utazame kule cheni inakoelekea inapokimbia (kwenye kipande cha juu, ni mbele), na ule wenye mwanya ubaki nyuma. Ikiwekwa kinyume, jiwe au kijiti kikiigonga kutoka mbele kinaweza kuisukuma ikachomoka, na cheni ikachomoka nayo. Cheni inayokatika kasi ikiwa kubwa hujisokota kwenye sproketi ya mbele; huweza kufunga gurudumu la nyuma au kupasua ganda la injini. Kuitazama ni kazi ya muda mfupi sana.

Sasa pima. Boda nyingi hutumia cheni namba 428, ambayo umbali wa pini hadi pini ni milimita 12.7. Ivute kidogo inyooke, kisha pima pingili 20, yaani kutoka katikati ya pini ya kwanza mpaka katikati ya pini ya 21. Ikiwa mpya utapata milimita 254. Ikifika 257, anza kuweka akiba ya cheni. Ikifika 259, imekwisha, hata kama kwa macho inang'aa. Pima sehemu tatu tofauti, maana cheni hailiki sawasawa.

Asiye na rula aende nyuma kabisa ya sproketi kubwa, ashike pingili moja aivute kuelekea nyuma, kwenye taa. Ikiinuka mpaka nusu ya jino ikaonekana, jibu ni lile lile: imekwisha. Meno yenyewe yatazame kwa ubavu: yaliyo mazima yana pande mbili zinazolingana, yaliyolika yamechongoka na kuinamia upande mmoja.

Kutia oili

Wakati mzuri ni jioni, kazi ikiisha, cheni ingali na joto la safari. Joto hulainisha oili ikapenya, na usiku kucha ina muda wa kuingia.

Tia kwenye kipande cha chini cha cheni, juu ya uso wake wa ndani, ule unaoelekea juu kwenye gurudumu. Cheni inapozunguka hurusha kila kitu kuelekea nje, kwa hiyo oili iliyotiwa upande wa ndani husukumwa kupitia kwenye viungo; iliyotiwa nje hurukia rimu na suruali ya abiria. Lenga ule mwanya mwembamba kati ya bamba la nje na bamba la ndani, tone moja kushoto na tone moja kulia kwa kila kiungo. Hapo ndipo njia pekee ya kuifikia pini. Kumwaga oili juu ya rola ni kazi bure, pini haiioni. Zungusha gurudumu taratibu mpaka urudi kwenye alama yako ya chaki, kisha lizungushe mara nyingine nyingi bila kutia kitu.

Asubuhi, kabla ya kutoka, futa. Shika tambara kavu, ulipitishe kwenye cheni nzima mpaka nje pakauke. Mwenye pikipiki huumia roho hapa, anaona anafuta fedha yake. Lakini oili iliyobaki nje haina kazi isipokuwa kushika vumbi, na vumbi la maramu likichanganyika na oili linakuwa msasa. Hakikisha pia hakuna tone lililoangukia tairi wala breki.

Oili chafu ya injini, ile inayomwagwa siku ya sevisi, wengi huitumia kwa sababu ni ya bure. Ina masizi na chembe za chuma kutoka kwenye injini, vitu vile vile tunavyotaka visifike kwenye pini, na si nzuri kwa ngozi ya mikono yako ukiizoea kila siku. Grisi nayo ni nzito mno. Hukaa nje ikizuia hata oili uliyotia usiingie. Chupa ya SAE 90 ni nafuu kuliko seti ya sproketi.

Kukaza

Hili ndilo linaloua cheni nyingi za boda, kuliko hata ukavu. Mtu anasikia cheni inagonga, anafikiri dawa ni kuikaza mpaka ikae kama imenyooshwa kwa rula. Kisha anapakia abiria wawili, au mikungu mitatu ya matoke na dumu la maji, na pikipiki inashuka. Gurudumu la nyuma linapopanda kwa mzigo, umbali kati ya sproketi mbili huongezeka, na huwa mkubwa kuliko wakati wote pale sproketi ya mbele, bolti ya mkono wa gurudumu (vile vyuma viwili vinavyoshika gurudumu la nyuma) na ekseli ya nyuma zinapokuwa kwenye mstari mmoja. Cheni isiyo na ulegevu haina pa kwenda. Inavuta beringi ya gurudumu, inavuta shafti ya giaboksi mpaka sili yake inavuja, na mwisho inakatika, mara nyingi kwenye kilima ukiwa na abiria.

Kwa pikipiki nyingi ndogo, ulegevu wa milimita 20 hadi 30 ukiwa kwenye stendi kubwa ni sawa. Kibandiko cha kwenye mkono wa gurudumu au kitabu chake kikisema tofauti, fuata hicho. Pima katikati ya kipande cha chini, kati ya sproketi mbili: sukuma cheni juu kwa kidole, ivute chini, rula ikuambie tofauti. Zenye boksi la cheni lililofunikwa kote mara nyingi huwa na kizibo cha mpira cha kupimia. Pima sehemu nne tano huku ukizungusha gurudumu, utafute pale ilipokaza kuliko pengine, na marekebisho yako yafuate hapo. Ukiikaza kwa kufuata mahali palipolegea, ikifika pale palipokaza itabana. Anayebeba mizigo kila siku aielekeze kwenye 30, si 20.

Legeza nati ya ekseli; kama ina pini ya kufungia, itoe kwanza. Baadhi ya modeli zina nati ya pili, kubwa zaidi, upande wa sproketi, nayo lazima ilegezwe. Kisha zungusha nati za kukazia, robo mzunguko kushoto, robo mzunguko kulia, kamwe usikaze upande mmoja peke yake. Kwenye mikono yote miwili kuna alama zilizochorwa. Ekseli isimame kwenye alama ile ile pande zote. Ikipishana, gurudumu linakaa upande, sproketi inalika ubavuni, na pikipiki inavuta upande mmoja barabarani. Kaza nati ya ekseli sawasawa, kisha pima ulegevu tena, maana kukaza ekseli mara nyingi huvuta cheni kidogo.

Usiondoke bado. Gurudumu likirudi nyuma, fimbo ya breki ya dramu hubana, breki inaanza kukamata yenyewe na kupata moto. Zungusha gurudumu kwa mkono. Kama linasugua, legeza nati ya fimbo kidogo, kisha ukanyage pedali uone breki inashika na taa ya nyuma inawaka.

Mara ngapi

Kila kilomita 500 ni kipimo kizuri. Anayezungusha kilomita 100 kwa siku mjini, hiyo ni kila baada ya siku tano. Wa Isingiro na Nakivale, au Karamoja kunakotimka vumbi, asisubiri zifike: afute mara nyingi zaidi, oili iwe kidogo zaidi. Mvua za Machi mpaka Mei na za Septemba mpaka Novemba zina kanuni yake, na kaskazini mvua huanza Aprili na kuendelea mpaka Oktoba. Siku uliyopita kwenye maji, futa cheni na uitie oili jioni hiyo hiyo. Ukingoja kesho, kutu imeshaingia.

Cheni ikiisha

"Fundi, nikatie pingili moja tu niendelee na kazi." Maneno haya utayasikia kwenye kila karakana, kuanzia Katwe mpaka Arua. Gurudumu limefika mwisho wa nafasi ya kukazia, cheni bado inalegea, basi inafupishwa. Lakini pingili zilizobaki zote zimeshakuwa ndefu kuliko nafasi za meno. Kufupisha cheni hakurudishi umbali wa pini kuwa 12.7. Cheni ndefu hupanda juu ya meno, huyala, na siku ukinunua cheni mpya, sproketi hizo zilizolika zitaiharibu nayo. Fundi anayekataa kukata anakutakia mema.

Nunua seti nzima: cheni, sproketi ya mbele, sproketi ya nyuma. Hesabu meno ya zile za zamani uchukue idadi ile ile. Soma namba iliyopigwa kwenye bamba: 428H ina mabamba mazito kuliko 428 tupu, na kwa boda ya mizigo ndiyo ninayoipendekeza. Cheni isiyo na namba wala jina popote, hata kama bei yake inavutia, irudishie mwenye duka. Shika ncha moja uilaze kwa ubavu hewani: mpya na nzuri hupinda kidogo tu pembeni, hafifu huanguka mara moja.

Ikishafungwa, tumia cheni mpya kwa upole siku za mwanzo, kwa sababu viungo vinajikalisha. Baada ya kilomita 200 au 300 pima ulegevu tena, kwani karibu kila mara utakuta umeongezeka, na fundi aliyekufungia anapaswa kukuangalizia hilo bila malipo ya ziada. Mkumbushe siku ile ile unayomlipa.